Mistari Saba

Aya ile ilikuwa na mistari saba. Mzee Nukta aliihesabu kwa jicho kabla hajaifikia, kama alivyozoea kuhesabu mistari maisha yake yote, na alipomaliza neno la mwisho la aya iliyotangulia akavuta pumzi, akairuka, akaendelea kusoma kuanzia chini yake kwa sauti ileile ya utulivu. Akasoma habari za baridi ya huko, akasoma habari za mjukuu aliyeng'oka meno mawili ya mbele, akasoma salamu kwa majirani. Kisha akaikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya awali na kuirudisha ndani ya bahasha.

Mwanamke aliyekuwa akisomewa alikaa mikono juu ya mapaja, uso ameuelekeza dirishani ingawa macho yake yalikuwa hayaoni kitu huu mwaka wa tatu. Alishukuru. Akamwuliza kama chai yake imepoa, na kama angependa aongezewe ya moto. Mzee Nukta akasema angependa, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye alipokuwa akishuka ngazi: jinsi lilivyokuwa jepesi.

Jina la Nukta alipewa kiwandani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji wa chapa, mtu wa kukaa kwenye chumba chembamba nyuma ya mashine akiwa na kalamu nyekundu na rula ya mbao, akisoma kila kitu kabla hakijachapwa: vitabu vya shule, kalenda, vibandiko vya dawa ya kikohozi. Siku moja alisimamisha mashine nzima kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana kwenye tangazo la mazishi. Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo jina likamganda. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza.

Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Hawakujaliwa watoto. Nyumba ya vyumba viwili waliyokuwa wakigongana viwiko ndani yake ikawa pana ghafla, kama nguo ya mtu aliyekonda. Neno lake la kwanza la siku alilitamka saa nne asubuhi kwa muuza mikate, na mara nyingine lilitoka limeshika kutu, ikabidi akohoe na kulirudia. Alikuwa na redio, lakini hata redio alikuwa akigombana nayo. Mtangazaji akikosea upatanisho wa kisarufi, Mzee Nukta alimrekebisha kwa sauti, akangoja kidogo, halafu akakumbuka kwamba hakuna atakayejibu.

Kilichomsimamisha kila siku kilikuwa ni Mungu. Aliamka alfajiri, akapiga magoti kwenye mkeka uliochakaa mahali pa magoti yake. Hakusema uongo. Muuza mikate akimkosea na kumpa mikate miwili badala ya mmoja, alirudi dukani na ule wa pili hata kama mvua inanyesha. Alitembelea wagonjwa ambao hata ndugu zao walikuwa wamewachoka, na Jumapili alisimama mbele ya kanisa kusoma Neno, polepole, kila alama mahali pake. Akina mama walikuwa wakiwanong'oneza watoto wao wamtazame yeye. Naye, bila kujisifu, aliamini kwamba akiitwa jioni ya maisha yake hatakuwa na mambo mengi ya kueleza.

Ni mchungaji aliyemwomba aende kumsomea yule dada wa ghorofa ya tatu, mjane aliyepofuka ukubwani. Zamani mama huyo alikuwa opereta wa simu kwenye ofisi kubwa ya umma. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya swichibodi akiwaunganisha watu. Alikuwa na binti mmoja tu, anayeishi mji wa mbali sana, mwendo wa siku mbili kwa basi. Simu walikuwa nazo wote wawili, lakini kwenye simu walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mama aliyewaunganisha maelfu ya watu hakuweza kuzungumza na mwanawe dakika tano bila mmoja wao kumkatia mwenzake. Mara ya mwisho binti alikuwa amesema maneno yasiyosemeka kwa mzazi, na mzazi naye hakuyapokea kimya. Baada ya hapo wakakubaliana kwa shingo upande kuandikiana. Kwenye karatasi, mama alisema, huwezi kumkatiza mtu.

Basi kila Jumanne saa kumi alasiri Mzee Nukta alipanda zile ngazi. Kama kuna barua posta, alimletea na kumsomea. Kama hakuna, alisoma gazeti, au kitabu chochote kilichokuwepo, halafu wakanywa chai. Alimwita Dada, naye akamwita Kaka. Walizungumza kuhusu mambo madogo madogo: bei ya sabuni, mchungaji mpya na mahubiri yake marefu, namna watu wa ofisini zamani walivyokuwa wakiwadanganyia mabosi wao kwenye simu. Alikuwa na kicheko kifupi, cha ghafla, kama mtu anayefunga droo. Mzee Nukta alipata kujikuta Jumamosi akifikiria jambo la kumwambia ili akisikie kicheko hicho. Kuanzia Jumatano alikuwa akiingoja Jumanne.

Na mistari ile saba ilisema hivi: *Mama, nataka uje ukae nami. Si kutembea, kukaa. Kuna chumba cha chini chenye mlango wake wa kutokea uani, na nimekwisha kufunga kamba ukutani kutoka kitandani mpaka bafuni ili uishike. Najua nilisema maneno mabaya siku ile. Sijui namna ya kuyaondoa, najua tu kukuandalia chumba. Ukikubali, sema neno moja, nitatuma tiketi.*

Alipokuwa akirudi nyumbani jioni ile alijipa sababu, na zilikuwa sababu nzuri. Huko kuna baridi, na kifua cha Dada si kizima. Binti ana hasira za karibu. Mtu asiyeona ameizoea nyumba yake kwa hatua na kwa vidole. Kumhamisha uzeeni ni kumpofusha mara ya pili. Akajiambia kwamba hajaificha ile aya, ameiahirisha tu. Atamwambia wiki ijayo, akishampima moyo. Wiki ijayo ikafika, wakazungumza kuhusu bei ya sabuni.

Barua ya pili ilikuja baada ya mwezi. Ndani yake kulikuwa na mistari miwili tu iliyohusu jambo lile: *Kuhusu chumba, naona hujasema kitu. Sitakulazimisha.* Akavuta pumzi, akairuka pia. Ya tatu haikuwa na kitu cha kurukwa. Ilikuwa nusu ukurasa, imeandikwa kama barua ya ofisini, haina mjukuu wala majirani. Mzee Nukta aliisoma yote kuanzia tarehe mpaka sahihi.

“Leo umesoma bila kukwama,” Dada akasema.

Alidhani anasifiwa, akacheka kidogo. Dada hakucheka. Alikaa kitambo akipapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba, halafu akamwambia achukue kalamu. Akatamka barua fupi bila kusita, kama mtu aliyeikariri: Mwanangu, nimezipata barua zako zote. Naona kuandika kunakuchosha. Usijisumbue tena. Mimi ni mzima na nina watu.

Kalamu ya Mzee Nukta ikasimama kwenye neno *watu*. Aliwajua hao watu. Walikuwa wawili: yeye, na yule muuguzi wa mlango wa jirani anayempeleka kanisani Jumapili zake za mapumziko.

“Dada, barua hii ni nzito,” alisema. “Tungeilaza kwanza.”

“Imelala kifuani mwangu miezi mitatu, Kaka. Ifunge.”

Akaifunga. Akaahidi kuitia posta, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, na huko ikakaa. Alipita mbele ya posta Jumatano, akapita Alhamisi. Kila alfajiri alipiga magoti na kuanza sala aliyoijua tangu utotoni, na alipofika mahali pa kuomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, ulimi ulimwia mzito, akapitapita pale kwa haraka kama mtu anayepita mbele ya duka la anayemdai. Akajaribu kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Akajikuta anamweleza Mungu habari za baridi ya ule mji na kifua cha Dada, kwa ufasaha mkubwa, na akaacha.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa kama kawaida. Alikuwa amesoma nusu ya sehemu yake aliposikia maana imepinda, sentensi moja imeshikana na nyingine isiyoihusu. Akatazama chini. Alikuwa ameruka mstari. Hakukusudia, ulimi wake ulikuwa umeruka wenyewe, kwa mazoea, kama mguu uliojifunza kukwepa ngazi mbovu. Hakuna aliyegundua. Watu walikuwa wakijipepea kwa karatasi za matangazo na mtoto mmoja alikuwa akilia nyuma. Mzee Nukta alisimama kimya kwa muda mrefu mpaka watu wakainua vichwa, halafu akaomba radhi na kuanza upya tangu juu. Nje, baada ya ibada, mchungaji alimpiga begani akasema kwamba basi hata Nukta amezeeka, na watu wakacheka kwa upendo. Dada alikuwa amesimama kando, mkono kwenye mkono wa muuguzi. Yeye alikuwa ameugeuza uso wake upande ilikotoka sauti ya Mzee Nukta, na hakucheka.

Mchana ule hakula. Alikaa mezani na ile bahasha mbele yake, akakata kauli. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alitafuta njia iliyo safi. Jumanne ataichukua ile barua ya kwanza kutoka kwenye kopo la biskuti ambamo Dada alizihifadhi, aseme imekuja mpya, aisome ile mistari saba. Dada atafurahi. Atajibu kwamba amekubali. Ile barua ya kukata undugu haitaondoka kamwe, na hakuna atakayeumia. Yeye mwenyewe ataipoteza Jumanne yake, na hiyo itakuwa ndiyo adhabu. Aliona ni haki. Akashangaa kidogo kwamba moyo wake haukutulia, lakini alidhani ni huzuni ya kuachwa.

Jumanne alifanya kama alivyopanga. Dada alipoenda jikoni kuinjika maji, Mzee Nukta alifungua kopo bila kelele, akaitoa barua, na Dada aliporudi akamwambia kuna habari mpya kutoka kwa binti. Alibuni salamu mbili tatu za mwanzo. Halafu akasoma ile aya, polepole, neno kwa neno, chumba cha chini na mlango wa uani na kamba ukutani.

Dada alikuwa ameishika birika na hakuiweka chini. Mzee Nukta aliinuka akaipokea mikononi mwake kabla haijamwagika.

“Soma hapo pa kamba,” Dada akasema.

Akasoma tena.

“Amefunga kamba,” Dada akasema, na machozi yakamtoka bila uso wake kukunjamana, kama maji yanayotoka kwenye ukuta. “Mtoto yule hajui hata kupigilia msumari.” Akaomba apewe karatasi, akaipapasa, akaiweka shavuni. Akauliza imeandikwa tarehe ngapi. Mzee Nukta akataja tarehe ya wiki iliyopita. Ndipo Dada alipoinua uso akasema, taratibu kabisa, kwamba Mungu ni mwema. Kwamba usiku na mchana alikuwa amemlilia jambo hilihili, na leo amejibiwa.

Mzee Nukta aliitikia *amina*. Wakapanga kuandika jibu kesho yake, maana leo Dada alisema mikono haina nguvu hata ya kushika wazo. Akaaga, akashuka ngazi.

Alifika mpaka kwenye kona ya fundi viatu. Fundi alikuwa amejaza misumari mdomoni na akamsalimu kwa kichwa. Mzee Nukta akaketi kwenye benchi la wateja, na fundi, akidhani ana kiatu kibovu, akamtazama miguuni. Alikaa pale akiangalia nyundo ikipanda na kushuka. Alichokuwa akikifikiria kilikuwa kitu kidogo tu: kwamba wizi ameurudisha, lakini mwizi bado amemficha. Na kwamba Dada kesho atapiga magoti na kumshukuru Mungu kwa barua ambayo Mungu hakuileta leo. Aliileta mwezi wa tatu. Tangu hapo Nukta ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni.

Miaka yote alikuwa amemtii Mungu katika mambo ambayo hayakumgharimu alichokipenda. Mkate wa pili hakuuhitaji. Alfajiri hakuwa na usingizi. Kwa wagonjwa alikwenda kwa sababu huko angalau palikuwa na mtu. Alilitazama jambo hili bila kujitetea na bila kujipiga kifua, kama alivyokuwa akiitazama prufu, ile karatasi ya majaribio ya chapa, yenye kosa. Akaona lilipo, na akajua kwamba hakuna namna ya kulisahihisha kwa alama nyekundu ya pembeni. Akapiga moyo konde, akainuka. Fundi akamwita kumwuliza kiatu kiko wapi.

Dada alifungua mlango akidhani amesahau miwani.

“Dada, leo hakukuwa na barua.”

“Nilishika nini basi?”

“Ile ya kwanza. Aya niliyokusomea imo humo tangu mwezi wa tatu. Niliiruka. Na ya pili niliruka mistari miwili, aliuliza mbona hujajibu. Na barua yako ya juzi sijaitia posta, ninayo hapa.”

Alikuwa bado amesimama kizingitini. Dada naye alisimama, mkono kwenye komeo. Kutoka mlango wa jirani redio ya muuguzi ilisikika ikitangaza matokeo ya mpira.

“Kwa nini?”

Zile sababu zote zilikuwa tayari mdomoni mwake, zimepangwa, nzuri kama siku ya kwanza. Akazimeza.

“Ungeondoka,” alisema. “Nisingekuwa na mahali pa kwenda Jumanne.”

Dada alirudi ndani kwa hatua zake nne mpaka kwenye kiti, akaketi. Hakumkaribisha wala hakumfukuza, kwa hiyo Mzee Nukta aliingia na kusimama karibu na meza.

“Nilisikia,” Dada akasema. “Miaka ishirini na sita, Kaka, nimekaa na watu masikioni. Najua mtu anavyovuta pumzi kabla ya kuniambia bosi hayupo. Wewe ulivuta pumzi mahali pasipokuwa na nukta. Mara ya kwanza, na mara ya pili. Nikajua kuna kitu unakipita. Nikadhani mwanangu amenitukana, nawe unanisitiri.”

Mzee Nukta alishika ukingo wa meza.

“Nilikuwa nakuombea. Kila siku nilimshukuru Mungu kwa ajili yako, mtu anayesoma matusi ya mwanangu peke yake ili mimi nisiyasikie. Na mwanangu nilikuwa namwombea asamehewe. Kwa kufunga kamba ukutani.”

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Mzee Nukta alisema nisamehe, akasikia jinsi neno lilivyokuwa dogo, na hakuliongezea jingine. Dada akasukuma lile kopo la biskuti juu ya meza mpaka likamgusa mkono.

Alizisoma zote. Hazikuwa tatu tu. Zilikuwa barua za miaka miwili, kumi na saba, na Dada hakutaka hata moja iachwe, maana, alisema, sasa hajui ipi ni ipi. Alisoma tarehe, alisoma maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya, alisoma pale binti alipokosea tahajia bila kumrekebisha. Alisoma mpaka sauti ikakauka, na Dada hakumpa maji. Kwenye barua ya tano Dada alitabasamu. Kwenye ya tisa aliomba asimame kidogo, halafu aendelee. Hakuna mahali pengine palipokuwa pamerukwa, lakini hilo Dada alilijua kwa kusikia tu, na Mzee Nukta hakulitaja kama jambo la kumtetea.

Alipomaliza, Dada akamwambia aandike kwa binti kwa jina lake mwenyewe, aeleze alichofanya, na aisome hiyo barua kwa sauti kabla hajaifunga. Akaandika. Ilimchukua karatasi moja. Alipoisoma, Dada alimrudisha mahali pamoja tu, alipokuwa ameandika *nilichelewesha*. Akafuta, akaandika *nilificha*.

“Jumanne ijayo usije,” alisema Dada.

Barua hiyo ya kukiri aliitia jioni ileile kwenye sanduku la nje ya posta; ile ya Dada alikuwa ameiacha mezani kwake. Kwa mchungaji pia alikwenda. Mchungaji alitaka kulifanya jambo kuwa dogo, akasema mzee wangu, nani kati yetu hajateleza; lakini Mzee Nukta alimweleza tena tangu mwanzo, na mara ya pili mchungaji akanyamaza, akakubali mtu mwingine asome kwa kipindi. Jumapili iliyofuata Mzee Nukta alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Msomaji mpya alikuwa na haraka na aliipita mikato yote kama haipo.

Alikuwa amedhani kwamba mtu akitii kwa moyo wote atajisikia mwepesi. Hakujisikia hivyo. Jumanne ilifika saa kumi, akavaa koti kwa mazoea, akalivua. Akapika chai, akainywa amesimama. Jumanne ya pili, kwa kuwa hakuwa ameitwa, alikwenda kumtembelea mgonjwa, akakuta mgonjwa amepona na yuko kazini, akajikuta anacheka peke yake barabarani kama kichaa. Jumanne ya tatu alikaa tu. Kimya cha nyumba kilikuwa kilekile, kimemzunguka pande zote, na hakuna aliyebisha hodi. Lakini alfajiri, akiwa kwenye mkeka, aliipita ile sala yote kwa mwendo mmoja bila kuharakisha popote. Mara nyingine, baada ya *amina*, alibaki palepale magotini muda mrefu bila kusema lolote, na hakuwa na hamu ya kuwasha redio.

Wiki ya sita, kwa muuza mikate, alikutana na yule muuguzi. Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyemwandikia Dada jibu la kukubali, kwamba tiketi imekuja, na Dada anasafiri kesho kwa basi la saa tatu asubuhi. Kondakta atamwangalia njiani na binti atampokea.

“Sijatumwa,” muuguzi aliongeza, akichukua chenji yake. “Nimesema tu.”

Alikwenda kituoni mapema mno. Akasimama mbali, nyuma ya meza ya muuza maji, akaona teksi ikifika na muuguzi akimshusha Dada na sanduku moja na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Dada alikuwa amevaa viatu vipya na alikuwa akivikanyagia ardhini kwa uangalifu kama mtu asiyeviamini. Mzee Nukta hakukusudia kusogea. Alitaka tu kuwepo. Ila muuza maji alimwuliza kwa sauti kama ananunua au anazuia wateja, naye akajibu *samahani*, na ng'ambo ya pili kichwa cha Dada kikageuka.

Akasema jambo kwa muuguzi. Muuguzi akamtazama Mzee Nukta, akamwita kwa mkono.

Alipofika mbele yake hakujua aanze na nini. Dada hakumsalimu. Alifungua pochi, akatoa tiketi, akaishika mbele yake hewani, kidogo upande wa kushoto wa mahali alipokuwa amesimama.

“Nisomee,” alisema.

Muuguzi alifungua mdomo kusema kwamba amekwisha kumsomea, kisha akaufunga. Mzee Nukta aliipokea, akavaa miwani. Alisoma jina la kampuni, jina la abiria, tarehe, saa ya kuondoka. Alisoma kiti namba kumi na nne, dirishani.

“Wamenipa dirisha,” Dada akasema, na pembe ya mdomo wake ikasogea.

Mzee Nukta aliigeuza tiketi. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya masharti, yale ambayo hakuna abiria anayeyasoma, yamechapwa kwa wino hafifu. Akayasogeza karibu na macho. Abiria afike nusu saa kabla. Kampuni haitawajibika kwa mzigo usioandikishwa. Wanyama hawaruhusiwi. Kondakta alipiga kofi ubavuni mwa basi akiita watu wa mwisho, na kijana mmoja aliyekuwa akipita na begi aliwatazama akacheka. Mzee Nukta aliendelea kusoma. Sharti la tano lilisema tiketi hii ni ya kwenda tu. Alilisoma kama alivyoyasoma mengine. Akasoma la sita, na la saba, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, jina la kiwanda kilichoichapa, kiwanda ambacho hakukifahamu.

Dada alisikiliza mpaka sauti ilipokoma, na kitambo kidogo baada ya hapo. Kisha akanyoosha mkono, akapokea tiketi, akaiweka ndani ya pochi na kuifunga.

“Haya, Kaka,” alisema.

Muuguzi akamshika kiwiko, wakapanda. Mzee Nukta alizunguka upande wa pili akihesabu madirisha mpaka akalipata la kiti cha kumi na nne. Dada alikuwa ameketi wima, pochi mapajani, uso kwenye kioo. Basi lilipoanza kurudi nyuma, Mzee Nukta aliinua mkono wake kumpungia, akakumbuka, akaushusha. Halafu akauinua tena, juu kabisa, na kuushikilia hivyo huku basi likigeuka na vumbi likipanda, mpaka muuza maji akamwuliza kama kuna mtu anayemwita.